Zamu ya Asubuhi

Mwalimu mstaafu alitoa kifutio mkobani, akatazama kulia na kushoto. Karani wa kliniki ya saratani alikuwa amekwenda kuchukua chai, na kadi za wagonjwa zilibaki mezani peke yake.

Daktari ndiye aliyemtia wasiwasi. Alimwambia mwili una saa yake ya ndani, na kwamba dripu yake inaonekana kufanya kazi vizuri zaidi asubuhi. Ila viti vya asubuhi vilikuwa vimejaa, na mwalimu alipangiwa jioni.

Kadi hazikuwa na majina, namba tu, na zamu iliyoandikwa kwa penseli; zilikaa kliniki, mtu alikabidhiwa yake siku matibabu yanapokoma. Karani naye hakusumbuka na sura ya mtu. Kadi ikisema jioni, ni jioni. Mwalimu aliokota ya juu kabisa, namba kumi na saba. Akafuta “asubuhi”, akaandika “jioni” kwa mwandiko wake wa ubaoni, ile j yenye mkia mrefu iliyochekesha wanafunzi miaka thelathini. Yake akaigeuza asubuhi. Roho ilimsuta kidogo, akaituliza: kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Wiki hiyohiyo binti yake wa pekee, mfungasha mizigo ghalani, naye akabadilishiwa zamu. Sasa mama alitoka asubuhi, binti jioni. Binti alirudi hoi, kitambaa hakimtoki kichwani, chakula anakisukuma kando.

“Nani kakubadilishia?” mama aliuliza.

“Sijui, mama. Nimekuta tu imebadilishwa. Wewe angalia afya yako, nyumba hii mgonjwa mmoja anatosha.”

“Basi aliyekufanyia hivyo asipate usingizi maisha yake yote.”

Mwezi wa nne daktari alimpa mkono: uvimbe ulikuwa umenywea, karibu kwisha. Mwalimu alirudi nyumbani mbio kama msichana. Binti alikuwa amelala kwenye kochi, amebaki macho tu. Alipoisikia habari ile alilia kwa furaha, kisha akasema yeye jioni haendi.

“Wameniambia nisirudi tena, mama.”

Mwalimu alipandwa na hasira. Wamtumikishe mtoto wake mpaka aishe, halafu wamtupe? Angempigia huyo bosi sasa hivi, amwambie ukweli wake. Akauvuta mkoba wa binti, akaupekua akitafuta simu.

Mkono wake ulitoka na kadi namba kumi na saba, na neno moja la penseli, lenye j ya mkia mrefu.