Treni Inayoteleza kwa Kanini

Inginia Tracy alipiga magoti katikati ya reli, akapitisha kitambaa cheupe juu ya chuma, kisha akakinusa.

"Mafuta?" aliuliza Musembi, msimamizi wa mafundi wa reli.

"Vumbi," alisema Tracy, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa na vumbi hilo.

Reli hiyo inapanda kilima kidogo kabla ya kufika Konza. Si kilima cha kumsumbua hata mbuzi. Lakini kila treni ya ngano inayoendeshwa na Ndunda ikifika hapo, eti magurudumu yake yanazunguka bure kama ya lori kwenye matope, kisha inasimama. Ndunda anashuka, anainama, anachungulia, anakuna kichwa. Halafu anakunywa chai. Nyuma yake treni zingine zinangoja kwa foleni mpaka Sultan Hamud.

Chai anainywa kwa Kanini, kwa sababu hakuna kibanda kingine hapo. Na Kanini hapiki chai tu. Anakaanga viazi karai, na karai lake la mafuta linachemka hatua chache kutoka kwenye reli.

Ofisi haikuhitaji kufikiri sana. Gurudumu la chuma linaikanyaga reli kwa sehemu isiyozidi sarafu; kijiko kimoja cha mafuta kinatosha kuishinda treni yenye uzito wa soko lote la Masii, watu pamoja na ng'ombe wao. Treni ikisimama, viazi vinanunuliwa. Kwa hivyo Tracy alitumwa amshike Kanini akimwaga mafuta, na akishikwa, kibanda kibomolewe leo leo. Vijana wa Musembi walikuwa tayari na nyundo. Kwa sasa walikuwa wamekaa kwenye benchi la Kanini, wakila viazi vyake.

"Ndunda mwenyewe anamtetea," Tracy alisema, akijipangusa magoti. "Alikuja ofisini akasema mama huyu hana makosa. Eti tulaumu umande."

"Umande wa saa saba mchana?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema Konza ni mahali pa ajabu."

Musembi alitafuna kiazi polepole. "Hapo hakusema uongo."

"Na madereva wengine je, wanateleza hapa?"

"Wengine wanapita tu, madam."

"Kwa hivyo kuna mtu anachagua treni."

"Kuna mtu anachagua," Musembi alikubali, akikiangalia kiazi chake.

Honi ikalia upande wa Ulu. Tracy akajificha nyuma ya rundo la mataruma ya zamani, mbao za kulazia reli, suti yake ikizikwaruza, macho yake yakiwa kwenye kibanda.

Kanini alifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mtulivu, mwenye mwendo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Alichukua debe lenye kifuniko, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye reli, akainama. Akaanza kunyunyiza kitu juu ya chuma, taratibu, kama anayelisha vifaranga.

Tracy akaruka. "Mama, simama hapo hapo."

Kanini hakukimbia. Hata hakushtuka. "Karibu, madam. Nilidhani utakaa kwa hizo mbao mpaka jioni. Kuna nge huko."

"Hiyo debe iko na nini?"

"Tia mkono."

Tracy akatia mkono, tayari kuutoa ukiwa unang'aa mafuta. Ulitoka mkavu. Ulikuwa mchanga wa mto, mweupe, umechekechwa mpaka ukawa laini kama unga wa chapati.

Benchini, vijana waliacha kutafuna.

Tracy aliujua mchanga. Ndio uleule ambao kila injini hubeba kwenye kisanduku chake, dereva aumwage mbele ya magurudumu yakianza kuteleza.

"Unamwekea mchanga?"

"Kila safari. Ndio ashike njia, apite."

"Lakini injini yake iko na mchanga wake."

"Iko. Hajawahi kuumwaga hata siku moja."

"Na akipita, mama, hivi viazi vitaliwa na nani?"

Kanini aliwaelekezea kidevu vijana wenye nyundo. "Hao je? Na wenye malori? Mimi sikosi mtu wa kula."

Treni ikatokeza kwenye kona. Tracy alichuchumaa, jicho lake usawa wa reli. Magurudumu yalifika kwenye mchanga yakauma chuma kama meno kwenye muwa. Hayakuteleza hata kidogo. Injini ikapanda kilima chote bila kulalamika, ikakipita kibanda, ikafika juu kabisa, mahali ambapo hakuna treni inayoweza kuteleza.

Hapo breki zikalia, fyuuu, na treni ikasimama.

Ndunda akashuka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, na nywele zilikuwa zimechanwa kwa maji. Alirudi kwa miguu pembeni ya mabehewa mpaka kibandani, akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Imeteleza tena," alisema, kabla hajamwona inginia.

Alipomwona, alivua kofia, akaishika kifuani. Musembi alikuwa amegeuka kutazama ng'ombe wa mbali, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Tracy alimtazama Ndunda, kisha breki, kisha lile shati.

"Mwambie wewe, madam, wewe ni mkubwa wake," Kanini alisema, akifunika debe. "Nyumbani kwa baba yangu ni hapo Kalama, na barabara iko. Alete mbuzi watatu wa posa kama wanaume wengine, si mabehewa ishirini ya ngano."