Breki Zisilie

"Toa kidole hapo," mume alisema. "Diski ya breki haiguswi kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi tu yanatosha kuiliza."

Mkewe akaondoa kidole. Hilo lilikuwa somo la nne tangu mwezi uanze. Kila akiiosha baiskeli ile ya milimani, hazipiti siku mbili breki zinaanza kupiga mayowe mume anaposhuka mteremko wa nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa unajua msoma mita za maji amerudi.

Kibarazani, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, fimbo pembeni. Alikuja kuuguza miguu kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu aje.

"Unapoteza pumzi, baba," alimwambia mwanawe. "Mkono mzito haufundishiki. Ningekuwa na miguu mimi, hiyo baiskeli ungejitazamia kama kioo."

Mke alivuta ndoo, akachovya sifongo.

Mume akachuchumaa karibu naye kama anayekagua tairi, akashusha sauti. Kaka yake mkubwa, alisema, haamini kabisa habari za miguu ya mama. Daktari kaigonga, kaikunja, kaipiga picha, hakuona kitu. Basi leo yeye mwenyewe atarudi ghafla kutoka kazini kabla ya jioni. Saa ngapi, hatasema hata kwa mkewe, asije akaonyesha usoni. Akimkuta mama amesimama, kesho asubuhi anampeleka kwa kaka, akalale chumba kimoja na wajukuu watatu, chini ya mkaza mwana anayefungia sukari kabatini.

"Nawe utapumua," alinong'ona. "Unadhani sioni anavyokusimanga? Kwa hiyo leo osha kwa moyo. Zikilia tu, kazi imeharibika."

"Nimekusikia," mke alisema. "Zisilie."

Na kweli aliosha. Hakuelekeza mpira wa maji kwenye vitovu vya magurudumu. Aliimwagia maji kwa kopo, pole pole, tope likashuka lenyewe. Sabuni ilikuwa ile ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu. Brashi ya mnyororo hakuichanganya na brashi ya magurudumu. Kabla ya kutia mnyororo mafuta alizivika diski zote mbili mifuko ya plastiki, akaifunga kwa vipande vya uzi wa cherehani, maana ushonaji ndiyo kazi yake na uzi haumpungukii. Kisha akadondosha tone moja kwa kila pingili, akafuta yaliyozidi, akanawa mikono. Mwisho alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha spiriti, akapangusa diski mpaka kitambaa kikawa kinatoka kama kilivyoingia.

Mume akapanda, akazunguka ua mara mbili, akabana breki. Kimya. Akabana tena. Kimya. Akatabasamu kama bwana harusi, akampa mkewe baiskeli amshikie, akaingia ndani kuchukua helmeti na begi.

Alipotoka, mama yake alimuuliza atarudi saa ngapi. Jioni, mama, kama siku zote.

"Haya, nenda salama. Mimi nipo. Nitakwenda wapi na miguu hii?"

Jua lilikuwa utosini mume alipotokea kwenye kona ya juu ya mteremko. Alikuwa amemaliza mitaa miwili tu, na njia nzima alikuwa akizionea breki huruma, anazigusa kidogo kidogo kama yai. Paa la nyumba lilionekana. Akaiacha baiskeli ijiteremkie, roho ikimdunda kwa furaha ya mtoto anayenyemelea kuku. Mwendo ukazidi. Akabana.

Zikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Akaachia, akabana kwa upole; zikazidi. Mbwa wakaitikia. Jirani akatoa kichwa dirishani, akamwambia karibu nyumbani.

Alipoingia uani, mama alikuwa kitini, blanketi magotini, kichwa kimelala begani. Mke alikuwa ndani ya mlango, kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Kando yake zilirundikana sare kumi na nane za shule, ambazo asubuhi zilikuwa bado vitambaa. Mume hakuwa na macho ya sare.

"Mapema hivi?" mama aliuliza, akifumbua jicho moja. "Au watu wameacha kutumia maji?"

Mume alimtupia mkewe jicho la lawama. Mkewe akatazama sindano. Mume akamwendea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka, hatamfundisha tena. Baiskeli ataipitisha kwa fundi. Na kaka yake, atampigia simu yeye mwenyewe leo leo: amemkuta mama pale pale alipomwacha, na daktari naye ni binadamu. Mama atakaa hapa mpaka apone, hata ikichukua mwaka.

"Pole," alimalizia, akampapasa bega. "Vumilia."

"Nitavumilia," mke alisema.

Mume akaondoka. Breki zikalia kwenye mteremko uliobaki chini ya nyumba, zikanyamaza.

Mke akainuka. Mama mkwe akatupa blanketi, akaingia ndani kwa hatua nne, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa cha moto, akaanza kukanyaga cherehani kwa miguu yote miwili.

"Leo umezidisha mafuta, mwanangu," alisema, macho kwenye mshono. "Breki zimelia mpaka nikadhani anachinjwa mtu. Na diski ya mbele?"

"Ya mbele siigusi hata siku moja, mama," mke alijibu, akifungua kitambaa kingine. "Wewe wana unao wawili. Mimi mume ninaye huyu mmoja."