Kibiriti cha Muuza Mahamri

Ndirangu, mpimaji wa magonjwa kutoka bara, aliondoa jicho kwenye hadubini. Wauza vyakula wa mtaa wa Mkomani walikuwa wameamriwa walete choo kipimwe, na hiki cha muuza mahamri, ndani ya kibiriti kilichofungwa uzi, kilijaa mayai ya minyoo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amekula mahamri yake matatu.

"Bi, usiuze tena mpaka umeze dawa."

Mama muuza mahamri, aliyekuwa akingoja mlangoni, akavuta buibui usoni. "Si changu, bwana. Naliona haya kukuletea changu, nawe mwanamume. Hicho ni cha mume wangu."

Ndirangu akashusha pumzi. Afadhali.

"Na unga anakanda nani?"

"Yeye. Mimi vidole vyaniuma, nauza tu."

Kijipande cha hamri kilikuwa kimemkwama jinoni tangu asubuhi. Ulimi ukakigusa. Kikabanduka, bado kitamu.