Nyani Aliyesubiri Pedali Iote

Alikuwepo Nyani, fundi baiskeli, aliyeamini kwamba kila kiumbe ni mashine. Siku moja Paka alimkurupusha Mjusi hadi karakanani kwa Nyani. Mkia wa Mjusi ukakatika, ukabaki ukirukaruka sakafuni.

"Si nilisema?" Nyani akachekelea. "Hiyo ni spea tu. Nyingine utaitoa wapi, bwana mdogo?"

"Itaota," Mjusi akajibu.

Baada ya wiki kadhaa Mjusi akarudi na mkia mpya. Nyani akaupapasa, akauvuta, hakuona nati wala alama ya kuchomelea. Akachanganyikiwa. Kama Mjusi ni mashine, basi mashine huota! Akang'oa pedali kuukuu ya baiskeli yake mwenyewe, akaitupa mtoni, akakaa kusubiri.

Miezi miwili ikapita. Wateja wakaona fundi ameshindwa hata na baiskeli yake, wakahama. Palipotoka pedali pakaota kutu.

"Mbona mkia wako uliota?" Nyani akamlalamikia Mjusi.

"Mimi niliogopa kufa, mzee. Baiskeli yako imewahi kumwogopa nani?"

Nyani akaizunguka baiskeli akinyata, akaitokea kwa nyuma, akaifokea kwa nguvu zake zote: "Nyau!"