Mashine Iliyogoma

Wauza mboga walichanga wakanunua mashine kuukuu ya boti, wasivuke tena mto kwa kivuko cha Shekuwe. Hawakusahau masika yale alipowaacha ng'ambo, mvuani. Leo mashine iliwaka, ikakohoa, ikazima.

"Imegoma hiyo," Shekuwe alicheka kutoka kivukoni. "Rudini kwangu, mama zangu."

Tunu, aliyeshika kamba ya kuwashia, alimgeukia mwenzake. "Chausiku, umegusa skrubu ya kifuniko cha tangi?"

"Nimeikaza. Petroli isikimbie."

"Umeliziba pumzi, shoga. Aliyezibwa pumzi asigome kwa nini?"

Akailegeza, tangi likavuta hewa, fyuu. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma, vigelegele vikapaa. Kule kivukoni, abiria wa Shekuwe wakaanza kushuka majini, viatu mkononi, wakiijia boti.