Vidole Viwili

Kigoda kilikuwa kimesogea tena. Vidole viwili tu, kuelekea mlangoni. Bibi Kwandu alipima kwa mkono wake kutoka kwenye ufa wa ukuta, kisha akapima mara ya pili.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mjukuu wake Dastan ndiye aliyelinunua Bariadi mjini, jipya kabisa, vitu vilipoanza kuhama. Ufunguo mmoja aliufunga kwa uzi na kumvika bibi yake shingoni. Hata hivyo, kila Kwandu akirudi shambani, kitu kilikuwa kimehama. Jana kibuyu, juzi sufuria, leo kigoda.

Aliogopa. Aliogopa uchawi, na zaidi aliogopa kwamba akili ilikuwa inamtoka. Wala hakuthubutu kusema. Pale Nkololo, kikongwe anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akitangaza kwamba vyombo vinatembea nyumbani kwake, anajichimbia kaburi. Watu wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo.

Aliyejua ni Dastan tu, aliyekuja likizo kutoka chuoni.

"Twende Maswa ukakae na mama," alimbembeleza jioni ile. "Limbu yuko tayari kununua shamba. Unaweka dole gumba ofisi ya kijiji, basi, unapumzika."

"Nitakujibu kesho nikitoka shambani."

Limbu alikuwa jirani yao, mwanamume wa mabuti ya mpira masika na kiangazi, na shamba lile alilitamani siku nyingi.

Dastan akarudi kwenye daftari lake. Viatu alikuwa ameviacha nje, kama bibi yake alivyomfundisha tangu mdogo, na miguu ameinyoosha mkekani. Kwandu aliutazama ule wa kushoto, pale kidole cha mwisho kilipokatwa na plau la ng'ombe akiwa na miaka saba. Siku ile alimbeba mgongoni hadi zahanati, damu ikimchuruzikia kiunoni.

"Unasoma nini, baba?"

"Fizikia. Mhamo wa Lamb. Nina mtihani." Akacheka. "Kuna chembe ndogo kuliko vumbi, bibi. Hesabu zilisema ngazi zake mbili za nishati ziko sawasawa. Bwana mmoja, Lamb, akapima, akakuta moja imesogea. Kidogo mno, na hakuna kilichoonekana kuigusa."

"Kwa hiyo alichanganyikiwa?"

"Hapana. Ndipo wataalamu wakaelewa kwamba pale walipodhani patupu, si patupu. Kuna kitu kinatikisika, hakionekani, ndicho kinachoisukuma."

Kwandu alikitazama kigoda.

"Waliamini hesabu zao au alichopima?"

"Alichopima, bibi."

Usiku huo alilala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Asubuhi Dastan alikwenda senta kuchaji simu. Kwandu alichota majivu jikoni, akayachekecha mpaka yakawa laini kama unga, akayanyunyiza sakafuni kuanzia kwenye kigoda hadi mlangoni, huku akirudi kinyumenyume. Akafunga kufuli, akaenda kuchuma pamba.

Akikuta majivu hayajaguswa na kigoda kimehama, basi ni uchawi, au ni kichwa chake. Akikuta alama, ni mtu. Aliomba iwe alama ya buti.

Alasiri alikutana na Limbu njiani.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Nasikia unatuhama."

Kwandu alikuwa akitazama mabuti yale yaliyojaa vumbi.

Dastan alikuwa ameketi uani akimsubiri, karatasi za shamba mapajani. "Umeamua nini, bibi?"

"Ngoja kwanza niweke kikapu."

Akavuta ufunguo shingoni, akafungua, akaurudishia mlango nyuma yake. Kigoda kilikuwa kimesogea, vidole viwili. Na kwenye majivu palikuwa na nyayo, zikienda na kurudi, wazi kabisa.

Hazikuwa za buti. Zilikuwa za mtu aliyevua viatu mlangoni.

Bibi Kwandu alipiga magoti mbele ya unyayo wa kushoto, akahesabu vidole. Akahesabu tena, polepole, akiomba awe amekosea.

Vinne.