Mtani Mshika Kitufe

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, nakiri mapema ili nisichekwe mara mbili.

Siku hizi mionzi ya kuua uvimbe hupigwa nyumbani, na sheria inataka kitufe kibonyezwe na mtani wa mgonjwa, kwa kuwa ndugu huona huruma. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo nikaletewa Mzaramo, Pazi, na mashine yake, hadi sebuleni. Uvimbe wangu ulikuwa kwenye pafu, mdogo kama punje ya kunde, na kila nikipumua ulihama. Nilitakiwa kubana pumzi sekunde ishirini kwa kila pigo, mapigo matatu.

Pigo la kwanza nilishindwa kunyamaza.

"Mzaramo, hapa si ngomani, mkono usicheze!" Nikaangua kicheko. Uvimbe ukahama, mionzi ikachoma ubavu, nikausikia mfupa ukilia kama kuni mbichi motoni.

La pili Pazi alinikalia mapajani, akaniziba pua na mdomo kwa kiganja, akabonyeza kwa mkono mwingine. Nikamng'ata mpaka damu yake ikanijaa kinywani. Nikamrushia ngumi, jino lake likaruka likaangukia kwenye zulia la mke wangu. Hakuniachia mpaka sekunde ya ishirini.

"Unaniua, mbwa wewe!" nikafoka nilipopata hewa. "Huu si utani tena!"

Pazi alitema damu, akaitazama mashine. Lilibaki pigo moja. Akakiinua tena kile kiganja.

"Mnyamwezi, ningetaka kukuua ningekuacha upumue."